Moshi wa Jikoni na Alama Zinazobaki Mwilini

Anayepanda asubuhi mapema barabara itokayo Gisenyi kwenda Musanze hupokewa na moshi wa Nyundo kabla hajaliona kanisa kuu. Moshi huo hutoka chini ya mapaa ya bati na ya vigae, ukatambaa juu ya bonde la mto Sebeya na kando ya mashamba ya chai ya Pfunda, na kwa kuwa hewa ya milimani saa hizo ni baridi na nzito, hukawia kutawanyika. Ni moshi wa kuni za mikaratusi. Maharage yamewekwa motoni tangu alfajiri, nayo maharage hayana haraka. Ndani ya jiko, ambalo pahali pengi ni chumba kidogo chenye mlango mmoja na pengine bila dirisha, yumo mama. Mgongoni ana mtoto. Na mara nyingine tumboni yumo mwingine.

Juu ya huyo wa tatu ndipo penye swali. Kwamba moshi humdhuru anayeuvuta, hilo halibishaniwi tena. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, vikiwemo vifo zaidi ya 237,000 vya watoto walio chini ya umri wa miaka mitano. Lakini mtoto aliye tumboni havuti pumzi. Mapafu yake yamejaa majimaji, na oksijeni yake huipata katika damu ya mama yake. Je, moshi unaweza kumfikia huko aliko, ukaacha alama atakayokuwa nayo hata ukubwani? Na ikiwa alama hiyo ipo, imeandikwa wapi? Elimu inayolitafuta jibu hilo huitwa epijenetiki, na katika Rwanda elimu hii ina historia yake, tena historia nzito.

Jina ambalo haliwezi kuachwa katika historia hiyo ni la Profesa Léon Mutesa wa Chuo Kikuu cha Rwanda, daktari na mtaalamu wa urithi wa binadamu. Yafaa ikumbukwe kwamba miongoni mwa kazi zake za mwanzo yalikuwamo maradhi ya kifua. Mwaka 2009 yeye na wenzake, baadhi yao wakiwa wa Chuo Kikuu cha Liège nchini Ubelgiji, walichapisha katika jarida la Chest uchunguzi wa wagonjwa 60 waliokuwa na dalili za ugonjwa uitwao sistiki faibrosisi. Katika ugonjwa huu chumvi na maji havipiti sawasawa katika ngozi laini ya ndani ya mapafu na ya matumbo. Makohozi huwa mazito kama gundi, mtoto hukohoa daima, chakula hakimjengi, na jasho lake huwa na chumvi kupita kiasi. Jeni inayohusika iligunduliwa mwaka 1989. Vitabu vya udaktari viliuhesabu ugonjwa huu kuwa wa Wazungu, na kwa hiyo mtoto wa Kiafrika mwenye kikohozi kisichokoma na mwili uliodhoofu alihesabiwa kuwa na kifua kikuu, au kuwa na njaa tu. Hakuna aliyefikiri kumpima jasho.

Uchunguzi wa mwaka 2009 ulikuta hitilafu za jeni hiyo katika wagonjwa watano, na moja ya hitilafu hizo ilikuwa haijawahi kuandikwa pahali popote. Hilo lilitosha kuonyesha kwamba vitabu vilikuwa vimeandikwa kwa kutazama watu wa bara moja. Lakini upande wa pili wa hesabu unastahili kufikiriwa zaidi. Wagonjwa 55 kati ya 60 hawakuonekana kuwa na hitilafu hiyo hata kidogo, ingawa vifua vyao vilikuwa vinaumwa kweli. Mtu aliyezoea kudhani kwamba ugonjwa ama umo katika jeni au haumo, hapo hukwama. Haifai kusema kwamba epijenetiki ndiyo iliyowaugua watoto wale, maana uchunguzi ule haukupima jambo hilo. Linalofaa kusemwa ni kwamba herufi za urithi peke yake hazikuueleza ugonjwa wao.

Ili jambo lenyewe lieleweke, hapana haja ya kwenda mbali na Nyundo. Mwaka 2014 ilifunguliwa hapo shule ya muziki, iliyokuja kuwatoa vijana wengi wanaojulikana leo kwa sauti na vyombo. Katika shule ya namna hiyo wanafunzi 20 waweza kupewa karatasi moja yenye nota zilezile. Nota hazibadiliki. Lakini mwalimu huchukua kalamu ya risasi akaweka alama: hapa punguzeni sauti, hapa nyamazeni, hapa pigeni kwa nguvu. Karatasi ile ile, ikipigwa kwa alama nyingine, husikika kuwa wimbo mwingine.

Mwili wa binadamu ndivyo ulivyo. Kila seli, iwe ya pafu, ya ini au ya ubongo, imebeba jeni zilezile zipatazo 20,000. Seli ya pafu haiwi seli ya ini kwa sababu katika kila moja baadhi ya jeni zimenyamazishwa na nyingine zimeachwa ziseme. Alama inayojulikana zaidi miongoni mwa alama za kunyamazisha ni kijikundi kidogo cha kemia kiitwacho metili, ambacho hunata juu ya herufi mojawapo ya DNA. Herufi yenyewe haibadiliki. Imebandikwa kitu tu. Mwingereza Conrad Waddington alilitumia neno epijenetiki mwaka 1942, kabla hata umbo la DNA halijajulikana, naye alikuwa akiuliza swali la namna hiyohiyo: yai moja hupataje kuwa mwili wenye viungo mbalimbali?

Namna ya kuzisoma alama hizi ni ya ujanja kidogo. DNA huchukuliwa katika damu au mate, ikatiwa kemikali iitwayo bisulfaiti. Kemikali hiyo huibadilisha ile herufi inayohusika pahali ambapo haina metili, na huiacha salama pahali yenye metili. Basi kwa kulinganisha zilizogeuka na zilizobaki, mtaalamu hujua alama zilikuwa wapi. Vibao vya kioo vinavyotumika siku hizi huweza kupima pahali zaidi ya 850,000 kwa mara moja.

Nchini Rwanda elimu hii haikuanza kutumika kwa ajili ya moshi. Ilianza na mwaka 1994. Nyundo yenyewe ni miongoni mwa pahali ambapo watu waliokimbilia seminari na majengo ya kanisa waliuawa mwezi Aprili wa mwaka ule, na urwibutso, yaani mahali pa kumbukumbu, upo hapo hadi leo. Miongoni mwa walionusurika nchini wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi walikuwamo wanawake wajawazito. Miaka mingi baadaye Nader Perroud wa Geneva, akiwa pamoja na Mutesa na watafiti wengine wa Rwanda na Uswisi, walichunguza akina mama 25 wa namna hiyo na watoto waliozaliwa, wakawalinganisha na akina mama 25 wa Kitutsi waliokuwa wajawazito wakati ule lakini wakiishi nje ya nchi, pamoja na watoto wao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Waliopitia mauaji, mama na mtoto, walikuwa na dalili nyingi zaidi za msongo wa moyo, kiasi kidogo zaidi cha homoni ya kortisoli katika damu, na alama nyingi zaidi za metili juu ya jeni iitwayo NR3C1, ambayo husaidia mwili kuipokea homoni hiyo.

Mwaka 2022 Clarisse Musanabaganwa, akiwa na Mutesa na wenzao wa Rwanda na Marekani, waliipanua kazi ile. Badala ya jeni moja waliyoichagua kabla, walitazama alama katika urithi wote. Sampuli 59 zilifaa kupimwa, 33 za akina mama na 26 za watoto wao, na tofauti zilionekana katika pahali kadhaa ambapo hapakuwa pamefikiriwa.

Habari hizi zilipoenea zilipotoshwa upesi. Yapo magazeti ya ng'ambo yaliyoandika kana kwamba kiwewe kimeandikwa katika damu ya taifa zima na hakitafutika. Hilo ni kosa, tena ni kosa lenye madhara, kwa sababu kijana aliyezaliwa mwishoni mwa 1994 akiambiwa kwamba ameharibika tangu tumboni, maneno hayo peke yake yatosha kumvunja moyo. Watafiti wenyewe hawakusema hivyo. Akina mama 25 ni wachache. Wale walioishi nje ya nchi walikuwa na maisha tofauti kwa mambo mengi, na watoto wa walionusurika walilelewa baadaye na mama mwenye majonzi, katika nyumba ambayo pengine baba hayumo; haiwezekani kwa urahisi kutenga kilichotokea tumboni na kilichotokea baada ya kuzaliwa. Tena lipo jambo ambalo husahauliwa mno: mtoto aliyekuwa tumboni mwaka 1994 hakurithi tukio lile kwa kusimuliwa na seli za mama yake. Alikuwapo. Alilipitia yeye mwenyewe akiwa ndani. Na akiwa mtoto wa kike, mayai yake ya uzazi yalikuwa yanaumbwa ndani yake wakati uleule. Ndiyo maana wataalamu wasema kwamba urithi hasa wa alama hizi ungeweza kuthibitishwa katika kizazi cha wajukuu wa yule mtoto, wala si kabla.

Sasa turudi jikoni. Ikiwa hofu na majonzi ya mama vinaweza kwenda pamoja na alama juu ya jeni za mtoto, je, moshi? Kwa moshi wa sigara jibu limepatikana kwa uthabiti zaidi kuliko kwa jambo lolote jingine katika elimu hii. Mwaka 2016 watafiti wa nchi kadhaa waliunganisha vipimo vya watoto wachanga 6,685 kutoka katika makundi 13. Watoto ambao mama zao walivuta sigara katika ujauzito walikuwa na tofauti za metili katika pahali zaidi ya 6,000. Jeni iliyojitokeza mno ni ile iitwayo AHRR, ambayo ni sehemu ya utaratibu wa mwili wa kuzitambua na kuzivunja sumu zitokanazo na vitu vilivyoungua. Kwa watu wazima wanaovuta, alama za jeni hiyo hupungua, na wakiacha, hurudi polepole, ingawa si lazima zirudi zote. Jambo hili la mwisho ndilo la kutia moyo kuliko yote: alama ya kalamu ya risasi yaweza kufutwa, angalau kwa sehemu.

Moshi wa mkaratusi si moshi wa tumbaku. Hauna nikotini. Hata hivyo katika hizo sumu za vitu vilivyoungua zimo nyingi zilizo za jamii moja, na mama anayepika mara mbili kwa siku katika chumba kisicho na bomba la moshi hazivuti kwa kupenda. Uchunguzi wa alama zake na za mwanawe bado ni mchache mno ukilinganishwa na ule wa wavuta sigara wa Ulaya na Marekani.

Wako watakaouliza: kwa nini kuchunguza alama za jeni, badala ya kuondoa moshi tu? Swali hilo ni la haki, na Rwanda imelijaribu kwa vitendo mara mbili, kwa namna ambayo nchi nyingi tajiri hazikuthubutu. Mara ya kwanza ilikuwa katika Mkoa wa Magharibi, ambamo Rubavu na Nyundo zimo. Mwaka 2014 kaya maskini zaidi ya 100,000 za mkoa huo ziligawiwa vichujio vya maji na majiko ya kuni yaliyoboreshwa, katika mpango ulioitwa Tubeho Neza. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba habari za watoto kuhara zilipungua kwa asilimia 29, na za maradhi ya ghafula ya kifua kwa asilimia 25. Lakini walipowavisha wapishi na watoto vyombo vya kupimia chembe za moshi, hakukuonekana upungufu wa kutegemewa. Sababu si ngumu kuikisia kwa aliyewahi kuingia jikoni: jiko jipya liliwekwa kando ya mafiga matatu ya zamani, na yote mawili yakawashwa.

Mara ya pili jaribio lilikuwa kali zaidi. Nchi nne, yaani Guatemala, India, Peru na Rwanda, zilishiriki uchunguzi ulioitwa HAPIN, na upande wa Rwanda ulifanyika Kayonza, katika Mkoa wa Mashariki. Wanawake wajawazito wapatao 3,200 waligawanywa kwa kura. Nusu walipewa jiko la gesi na mitungi ya bure kwa muda wa miezi 18. Nusu waliendelea na kuni na mengineyo. Safari hii moshi ulipungua kweli. Kipimo cha kati cha chembe ndogo ambazo mama huvuta katika ujauzito kilikuwa mikrogramu 70.7 katika mita moja ya ujazo ya hewa kwa watumiaji wa kuni, na 23.9 kwa watumiaji wa gesi. Kila mtu alingojea habari njema. Lakini matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba watoto wa pande zote mbili walizaliwa na uzito karibu sawa, gramu 2,921 kwa gesi na 2,898 kwa kuni. Mwaka 2024 ikathibitika kwamba hata nimonia kali katika mwaka wa kwanza wa mtoto haikupungua kwa kiasi cha kutajika.

Matokeo hayo yaliwasikitisha wengi, na wako waliotamka kwa pupa kwamba basi moshi wa jikoni si kitu. Wasemao hivyo wamesoma hesabu kwa upande mmoja. Kwanza, mikrogramu 23.9 bado ni nyingi. Kiwango kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 ni mikrogramu tano kwa wastani wa mwaka. Gesi ilikuwa safi jikoni, lakini jirani alikuwa bado anawasha kuni, na moshi haujui mpaka wa kiwanja. Pili, wanawake wale waliandikishwa mimba ikiwa na wiki 9 hadi chini ya 20. Mapafu ya mtoto huanza kuchipuka katika wiki ya nne hivi, na alama kubwa za kwanza za metili hupangwa upya katika siku za mwanzo kabisa baada ya yai kutungwa, wakati ambapo mama mwenyewe hajajua kwamba ni mjamzito. Na mama huyo amekuwa jikoni tangu alipokuwa binti wa miaka saba. Haijathibitishwa kwamba hiyo ndiyo sababu ya gesi kushindwa. Lakini ndilo swali ambalo mizani ya kupimia uzito haiwezi kulijibu, na kusoma alama za jeni kwaweza.

Kwa Nyundo iko nyongeza ambayo Kayonza haina. Volkano ya Nyiragongo iko ng'ambo ya mpaka wa Kongo, karibu kiasi cha mwanga wake kuonekana usiku. Ililipuka mwaka 1977, mwaka 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021, ambapo ardhi ya Rubavu ilitikisika kwa siku nyingi na nyumba zikapasuka. Pamoja na jirani yake Nyamulagira, imekuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa vya gesi ya salfa duniani, gesi inayowasha koo na kubana kifua cha mwenye pumu. Mtafiti atakayetaka kutenga athari ya kuni katika mapafu ya mtoto wa Nyundo atakuwa na kazi, maana mtoto huyo avuta pumzi za mlima na za jiko kwa pamoja, na huko baridi humfanya akae karibu na moto.

Tena ziko tahadhari za ufundi zisizokwepeka. Vipimo vingi hutumia damu, na damu si pafu. Alama za seli nyeupe za damu zaweza kutofautiana kabisa na za ngozi ya ndani ya njia ya hewa. Mtoto mgonjwa ana mchanganyiko mwingine wa seli za damu kuliko mtoto mzima, na mtu asiyejihadhari atadhani ameona chanzo cha ugonjwa kumbe ameona matokeo yake. Kuyatenga hayo kunahitaji watoto wengi, wafuatwe miaka mingi, na sampuli zao zihifadhiwe kwa baridi kali isiyokatika. Maabara ya namna hiyo ni ghali. Miaka mingi damu ya Waafrika ilisafirishwa kwa barafu kwenda Ulaya na Marekani, majibu yakarudi katika majarida ambayo mhudumu wa afya wa kijijini hakuweza kuyanunua.

Kwamba hali hiyo yaweza kubadilika, korona ilionyesha. Mwaka 2020, vifaa vya kupimia vilipokuwa adimu, Mutesa na wenzake, akiwemo mwanahisabati Wilfred Ndifon, walibuni njia ya kuchanganya sampuli za watu wengi na kuzipima pamoja, kisha kumtafuta mwenye ugonjwa kwa mpango wa kihesabu. Waliona kwamba sampuli yenye virusi ilitambulikana hata ilipozimuliwa mara 100. Kazi hiyo ilitoka katika jarida la Nature, na majaribio yake yalifanyika Rwanda na Afrika Kusini. Uhaba ndio uliowafundisha.

Uhaba mwingine uko jikoni, nao ni wa fedha. Mtungi wa gesi ukiisha, mama wa Nyundo hurudi kwenye kuni, kwa sababu kuni huokotwa na gesi hununuliwa. Na hapo chini, mwendo mfupi kutoka Nyundo, liko ziwa Kivu lenye gesi ya methani iliyolala vilindini kwa wingi usio wa kawaida. Tangu mwaka 1963, na kwa miongo kadhaa, gesi hiyo ilivutwa karibu na Gisenyi ikapelekwa katika mitambo ya mvuke ya kiwanda cha bia. Tangu mwaka 2016 mtambo wa KivuWatt huko Karongi umezalisha kwayo umeme wa megawati zipatazo 26. Bia ilichemshwa kwa gesi ya ziwa wakati maharage ya mlimani yakichemshwa kwa mkaratusi, na mikaratusi bado inakatwa.